Kazan, Ng'ambo ya Barabara

Swali la kwanza la Mama nilipomwambia nataka kwenda Kazan halikuhusu baridi wala pesa, ingawa baridi ipo na pesa hakuna. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya jikoni akimenya viazi, beseni kati ya miguu, na aliuliza bila kuinua macho.

"Na hao Warusi na hao wengine, wanaishije pamoja?"

Nilikuwa nimejaribu kumweleza mji wenyewe. Kwamba uko Urusi lakini si ile Urusi anayoiona kwenye taarifa ya habari. Ni mji mkuu wa Tatarstan, kando ya mto Volga, kama kilomita 800 mashariki ya Moscow. Una watu zaidi ya milioni moja, karibu nusu yao Warusi na karibu nusu Watatari, na Watatari wengi ni Waislamu na wana lugha yao. Nilitarajia aniulize watu hao wanakula nini. Yeye akaruka yote akatua pale.

"Wanaishi tu," nikasema.

"Tu?" Kisu kikasimama. "Makabila mawili, mji mmoja, halafu unaniambia tu?"

Sachangwan unaijua hata kama hujui kwamba unaijua. Ukitoka Nakuru kwenda Eldoret, ukishapita Salgaa, gari linaanza kulia likipanda, ukungu unashuka, na kando ya barabara kuna magunia ya viazi na karoti zilizooshwa zikapangwa mafungu mafungu. Hapo ndipo kwetu. Wengine wanatujua kwa lile lori la mafuta lililoanguka tarehe 31 Januari 2009, watu wakakimbilia na mitungi na ndoo kuchota petroli, moto ukalipuka, wakafa watu zaidi ya 100. Wengine wanatujua kwa ajali kwa ujumla, maana mteremko huu umekula watu miaka na miaka, mpaka serikali ikaja kuweka ukuta wa zege katikati ya barabara. Halafu kuna wanaotujua kwa sababu ya tatu, ile ambayo huisemi kwenye matatu kama hujui aliyekaa kando yako anaitwa nani. Wakikuyu na Wakalenjin. 1992, 1997, na ile ya mwanzo wa 2008.

Kwa hivyo Mama hakuwa anatafuta ubishi. Kwa swali hilo yeye ni mtaalamu.

Anayeniita Kazan ni rafiki yangu ambaye hataki jina lake liandikwe. Nitamwita Deski, kwa sababu tulikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Kwao ni upande wa chini wa barabara, Wakalenjin. Sisi tuko upande wa juu. Januari 2008 tulikuwa tuingie darasa la tatu, na mimi sikuingia. Nyumba yetu ilichomwa, tukaenda kulala kwenye hema kule uwanja wa maonyesho wa Nakuru, na tuliporudi mwaka ulikuwa unaelekea kuisha. Siku niliyorudi shuleni nilimkuta kwenye dawati letu, begi lake amelilaza upande wangu. Akalivuta. "Nilikuwekea," akasema. Basi. Hatujawahi kulizungumzia zaidi ya hapo, na sasa tuna miaka ishirini na sita.

Deski alipata ufadhili wa kwenda Urusi mwaka 2021. Mwaka mmoja wa kujifunza Kirusi, na sasa yuko mwaka wa nne wa udaktari. Hajarudi hata mara moja. Nauli ya kuja na kurudi ni pesa ambayo akiipata anaila polepole mpaka muhula uishe. Mimi nilikuwa chuo wakati huo, mwaka wa tatu, kabla karo haijanishinda. Nilimaliza mtihani mmoja wa mwisho nikiwa na deni, nikajua matokeo yake sitayaona, nikapanda gari nikarudi nyumbani na godoro langu. Tangu hapo ninaandika. Kwa muda mrefu niliandika insha za wanafunzi wa Marekani, mpaka mashine zikaanza kuwaandikia bure. Nimewapatia watu alama za juu katika somo la historia ya sanaa, mimi ambaye sina cheti. Siku hizi ninaandika maelezo ya bidhaa, vipindi vya redio, tafsiri za mashirika, na kitu kama hiki usiku.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kilichonivuta kuhusu Kazan ni cha kijinga kidogo. Tolstoy alijiunga na chuo kikuu cha mji huo mwaka 1844 akaondoka 1847 bila digrii. Lenin aliingia kusoma sheria mwaka 1887 akafukuzwa mwaka huo huo. Gorky alifika 1884 akitaka kusoma, akaishia kufanya kazi kwenye kiwanda cha mikate, na baadaye akaandika kitabu kuhusu miaka hiyo akakiita vyuo vikuu vyake. Nilimtumia Deski ujumbe: huo mji umejengwa kwa ajili ya walioacha shule. Akanijibu kwa sauti, anacheka, nyuma yake tramu inapita: "Basi njoo, wakuongeze kwenye orodha."

Nikafungua daftari.

Ukurasa wa kwanza ni wa pesa. Pasipoti, 7,500. Hakuna ndege ya moja kwa moja. Unapitia Dubai au Istanbul, na tiketi ya bei nafuu niliyowahi kuiona ilinifanya nifunge simu nikatoke nje nipigwe na upepo. Visa inataka mwaliko na hoteli iliyolipwa, na unaipeleka ubalozini Nairobi, kwa hivyo ongeza nauli ya Nairobi mara mbili, maana hakuna ofisi inayokumaliza siku moja. Kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya Urusi hazifanyi kazi kule tangu 2022, na M-Pesa usiitaje. Unabeba dola mfukoni kama watu wa zamani. Nikapiga hesabu nikaona Mei, theluji ikiwa imekwisha, nikiuza viazi vya msimu huu na mteja mmoja akilipa anachodaiwa tangu Agosti.

Ukurasa wa pili ni wa vita, na huo niliuandika kwa kalamu ya penseli sijui kwa nini. Kazan iko mbali na mpaka wa Ukraine lakini si mbali vya kutosha. Tarehe 21 Desemba 2024 droni zilipiga majumba marefu ya makazi mjini humo. Siku hiyo Deski alinitumia neno moja, "sawa", hata kabla sijajua kuna jambo la kuuliza. Viwanja vya ndege hufungwa ghafla, hufunguliwa. Niliandika: nifike na pesa ya kukwama siku tatu.

Ukurasa wa tatu una kitu kimoja tu, na ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Saa za Kazan ni sawa na zetu. Sio karibu sawa, ni sawa kabisa. Saa mbili asubuhi Sachangwan ni saa mbili asubuhi Kazan. Miaka minne nimekuwa nikiongea na mtu aliye nyuzi 55 kaskazini ya ikweta bila kuhitaji kuhesabu kwa vidole kama wale wenye ndugu Marekani. Tofauti ni jua tu. Desemba ananiambia kumekuwa giza, na mimi natazama nje kuku bado wanachakura, saa tisa na nusu.

Historia ilikuja baadaye, kwa sababu ya swali la Mama. Nilitaka nimpelekee jibu.

Mwaka 1552 Tsar Ivan wa Nne, yule wa Kutisha, aliuteka mji kutoka kwa Watatari. Waliobaki hai waliondolewa, wakaenda kukaa ng'ambo, kando ya ziwa linaloitwa Kaban, na mtaa huo hadi leo unaitwa Mtaa wa Kale wa Watatari. Ndani ya ngome kukajengwa kanisa. Watatari walikaa zaidi ya miaka mia mbili kabla ya kuruhusiwa kujenga msikiti wa mawe, ule wa Marjani, enzi za Malkia Catherine wa Pili, ambaye aliutembelea mji mwaka 1767. Lakini huo ulikuwa kule kwao, kando ya ziwa. Ngomeni hakukuwa na msikiti mpaka 2005, mji ulipokuwa unaadhimisha miaka elfu moja, ndipo ukafunguliwa Kul Sharif, wenye jina la imamu aliyekufa akiutetea mji mwaka ule wa 1552. Sasa kuba zake za buluu na kanisa kuu la Kupashwa Habari viko ndani ya ukuta mmoja, na kila picha ya kitalii ya Kazan inaonyesha hivyo viwili.

Kutoka 1552 hadi 2005 ni miaka 453. Niliiandika namba hiyo chini ya bei ya tiketi. Sisi tunahesabu kumi na saba.

Nilimsomea Mama yote, nikitafsiri nikisoma, Kikuyu na Kiswahili vikigongana. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani msikiti ungemgusa, yeye mtu wa kanisa.

"Na shamba?" akauliza. "Walirudishiwa shamba?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea na viazi vyake.

Nilikosea kupanga safari kwa sauti. Nyumba yetu ni ya vyumba viwili, na mdogo wangu ana miaka ishirini, amemaliza kidato cha nne, amekaa nyumbani mwaka wa pili. Kila nilichosema kuhusu Urusi alikisikia. Jumatano moja akanionyesha simu. Mtu wa kwenye kikundi cha WhatsApp, hajui ni nani hasa, anatafuta wasichana wa miaka 18 hadi 22: tiketi ya bure, chumba cha bure, unajifunza kazi, mshahara wa dola. Mahali: Tatarstan.

"Si ni kule kule kwa Deski?" akasema. "Wewe unajichosha na viazi. Mimi nalipiwa." Fomu alikuwa ameshajaza.

Mahali penyewe ni Yelabuga, kama kilomita 200 mashariki ya Kazan, kwenye eneo maalum la viwanda linaloitwa Alabuga. Oktoba 2024 shirika la habari la Associated Press lilichapisha uchunguzi kuhusu wasichana kutoka Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, waliokwenda huko wakidhani ni hoteli na masomo, wakajikuta wanaunda droni za vita, wengine wakigusa kemikali zinazowasha ngozi. Aprili mwaka huo huo droni za Ukraine zilikuwa zimepiga bweni la eneo hilo. Na Septemba 2025 sote tulisikia habari za Athi River, polisi walipowatoa watu zaidi ya ishirini kwenye nyumba walimokuwa wakisubiri kusafirishwa kwenda Urusi, vitani.

Nilimsomea hayo pia. Aliniangalia vile unavyomwangalia mtu aliyeshiba anayekuambia chakula kina chumvi nyingi.

"Wewe umepata wa kukualika," akasema. "Mimi nimepata fomu."

Sikulala. Ninaandika kwa riziki na sikuweza kupata sentensi moja ya kumzuia dada yangu. Asubuhi nilimpigia Deski, nikamweleza. Akanyamaza, kisha akasema nimwachie, ataongea naye, lakini ana kwa ana, sio kwa ujumbe. "Na nilitaka kukuomba kitu," akasema. "Kama unakuja kweli, pitia kwetu. Mamangu ana mzigo."

Simu ilikuwa kwenye spika. Mama alikuwa mlangoni.

Hapa lazima nirudi nyuma, na ndipo mahali ambapo nimefuta na kuandika tena mara nyingi kuliko kwingine kote.

Jioni moja ya Januari 2008, mama yake Deski alikuja kwetu akipitia kwenye mabua makavu ya mahindi badala ya njia. Alimwambia Mama: lala leo mahali pengine. Kisha akachukua sanduku letu la chuma, lile lenye hati ya shamba, kadi za ubatizo na picha za Baba aliyekuwa ameshafariki, akalibeba kichwani akarudi nalo gizani. Tulilala kanisani. Asubuhi tukiwa njiani, Mama alimwona kijana mmoja kati ya waliosimama barabarani na mawe na mapanga. Alikuwa kifungua mimba wa mama huyo huyo. Alimwona, naye akamwona, akaangalia chini. Jioni yake nyumba haikuwepo.

Tuliporudi, Deski alilileta sanduku kwa wilbaro, peke yake, mtoto wa miaka tisa. Hakuna kilichokosekana. Hata shilingi elfu mbili Mama alizokuwa amezisahau ndani ya bahasha ya chama zilikuwepo. Mama alimpa kilo mbili za sukari apeleke kwao. Yeye mwenyewe hakwenda.

Kisha ikafika ile Jumamosi ya Januari 2009. Kijana yule alikimbia na mtungi kama wengine. Walikimbia wa juu na wa chini, Wakikuyu, Wakalenjin, madereva, wapita njia. Moto haukuuliza. Hakutambulika, na alizikwa na wengine wasiotambulika. Siku kadhaa vilio vilikuwa vikivuka barabara usiku. Mama alivisikia, sote tulivisikia. Watu wa upande wetu waliokuwa na wafu wao walikwenda kulia na watu wa upande ule waliokuwa na wafu wao. Mama hakwenda. Hakusema pole. Sijui kama aliona ni haki imetendeka. Sijawahi kumuuliza, na naogopa kwamba mwaka ule angesema ndiyo.

Mwaka ukawa miwili, ikawa miaka mitano. Pole ikichelewa hivyo inakuwa nzito kuliko kosa lenyewe. Wanasalimiana sokoni, kwa mkono hata, wanaulizana bei ya mbolea. Lakini kwenye boma lile Mama hakuwahi kuingia.

"Ni mzigo gani?" akauliza sasa, kutoka mlangoni.

"Sijui. Nitaenda Jumapili."

Alikaa kimya muda. "Tutaenda," akasema.

Kuvuka barabara kwetu si jambo la kuvuka tu. Tangu ukuta wa zege uwekwe, huwezi kukata moja kwa moja. Unatembea kandokando mpaka kwenye pengo, malori yakishuka na breki zikinuka, kisha unarudi tena upande wa pili umbali ule ule. Kutoka mlangoni kwetu unaliona paa lao. Kufika ni karibu nusu saa. Mama alikuwa amevaa kitambaa cha kanisani na amebeba sukari, unga, na majani ya chai. Mdogo wangu alibeba viazi. Mimi sikupewa kitu, nikahisi kama mgeni wao.

Mama yake Deski alikuwa anaanika mboga kwenye gunia. Alituona tukiwa mbali, akasimama, akajipangusa mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Chamgei," Mama akasema. Kwa lafudhi yetu, "ch" yake ikitoka kama "sh". Sikujua kama analijua neno hilo.

"Chamgei mising," akajibiwa. "Karibuni ndani. Jua ni kali." Jua halikuwa kali.

Tulikunywa chai ya maziwa mengi. Waliongea juu ya viazi, jinsi madalali wanavyojaza gunia mpaka linakuwa na kichwa. Ukutani kulikuwa na picha ya Deski na koti refu mbele ya msikiti wa kuba za buluu, na kando yake picha ya kijana aliyevaa sare ya shule. Mama alikaa akiwa ameielekea. Hakuhamisha kiti.

Saa nane nikampigia Deski, saa nane yake pia. Simu nikaiegemeza kwenye chupa ya chai. Alikuwa kitandani, kofia kichwani, dirisha nyuma yake jeupe. Mama yake alimkemea kwanza kwa Kikalenjin, nadhani kuhusu kukonda, kisha Deski akamuita mdogo wangu asogee.

"Nikuulize," akamwambia. "Hiyo fomu iliuliza unataka kusomea nini?"

"Iliuliza umri na urefu."

"Mimi niliulizwa gredi ya baiolojia." Akatulia. "Mamii, sikufungii mlango. Kuna msichana tulikutana naye hapa mjini, siku yake ya mapumziko. Mwafrika Mashariki mwenzetu. Nilimsalimia kwa Kiswahili akaanza kulia barabarani. Mikono yake ilikuwa na mabaka. Hakuniambia anatengeneza nini. Alisema wameambiwa wasiseme. Nilimpa nambari yangu, mpaka leo hajapiga. Ukitaka Urusi, nitakutumia tovuti ya ufadhili usiku huu na tutajaza pamoja, mimi na wewe, hata kama ni mwaka mzima. Lakini huko usiende."

Mdogo wangu hakujibu. Alikuwa anakunja ukingo wa kitambaa cha meza. Ukinifahamu utajua ni kiasi gani nilitaka kuongeza neno, nikanyamaza.

Ndipo Mama akasogea mbele ya simu. Huwa anashika simu ya video karibu sana, unaona paji la uso tu.

"Hao watu," akasema, "wanaishije?"

Deski alicheka, halafu akaona si mzaha. "Mama, nikuambie vile nimeona. Mwanzo sikuwa najua nani ni nani. Wanaoana, wanakula pamoja, kwenye treni ya chini ya ardhi wanatangaza vituo kwa Kirusi na kwa Kitatari. Nikasema, hawa wamemaliza. Halafu mwenzangu wa chumbani ni Mtatari. Nyanya yake akimpigia anaongea Kitatari, yeye anajibu Kirusi. Nikamuuliza mbona. Akasema zamani shuleni kilikuwa lazima kwa wote, halafu 2017 kikawa cha hiari, mpaka mzazi aandike kwamba anataka. Nikauliza, na mamako aliandika? Akaanza kutafuta chaja."

"Akatafuta chaja," Mama akasema.

"Eeh. Haikuwa imepotea. Nikajua hapa ni kama kwetu, kuna mahali ukifika mtu anatafuta chaja."

Mama yake Deski alicheka kwanza, kicheko kifupi puani, kisha Mama, nami nikacheka ingawa sikuwa na hakika tunacheka nini. Mdogo wangu, ambaye Mama akimsemesha Kikuyu hujibu kwa Sheng, hakucheka.

Mtandao ukakatika. Ikabaki picha ya Deski imeganda, mdomo wazi.

Mama hakurudi kwenye kiti chake. Alibaki amesimama karibu na meza, na akasema bila kumtazama mtu, akiiangalia picha ile ya ukutani:

"Mwaka ule sikuja."

Mama yake Deski alikuwa anakusanya vikombe. Aliviweka chini kimoja kimoja. "Nilijua hutakuja," akasema. "Nilikuwa nakuona ukiwa kwa lango lako. Kila jioni ulikuwa unasimama kwa lango."

Sikuwa najua hilo. Nilikuwa mtoto, nilikuwa ndani.

"Pole," Mama akasema.

"Asante."

Hakuna aliyelia, kama unasubiri hilo. Mama yake Deski aliingia chumbani akatoka na mzigo: mboga kavu zilizofungwa kwenye karatasi, chupa ya asali, majani ya chai ya Kericho, na kibuyu kidogo cha mursik, kitupu, chenye shanga. Nikamweleza kwamba asali inaweza kuleta shida uwanja wa ndege na kwamba begi la bei nafuu lina kilo chache. Alinisikiliza kwa heshima kisha akaongeza pakiti nyingine ya mboga. Mama akasema niache nguo, nguo ziko kila mahali. Wakaanza kubishana wao wawili, asali ifungwe kwa nailoni ngapi, kana kwamba mimi tayari niko ndegeni.

Sipo. Bado napungukiwa na elfu sitini, na mteja wa Agosti sasa hashiki simu. Mdogo wangu ameanza kuandikiana na Deski kuhusu ufadhili, au ananiambia hivyo; fomu ile nimemwomba aifute na amesema ameifuta, na kila mara simu yake ikilia usiku nainua kichwa. Mzigo uko chini ya kitanda changu. Kilo nne na nusu, tuliupima kwa mizani ya viazi.

Jumapili iliyofuata nilimkuta Mama amejifunga kitambaa tena, ameshika debe la maharagwe. Nikamuuliza kama kuna kitu kingine cha kupeleka Kazan.

"Kazan gani," akasema, akatoka kuelekea kwenye pengo la ukuta.